Titania Aliwekewa Mchele

Binamu yangu aliamka kwa ngazi za nyumba asiyoijua, jua limeshapanda, bila simu, bila viatu, na M-Pesa imefagiwa hadi shilingi ya mwisho. Kitu cha mwisho alichokumbuka ni dem mmoja mcheshi akimwambia asiwe na haraka, usiku bado mchanga. Aliwekewa mchele. Ukiishi Nairobi huhitaji kuelezwa, lakini kwa mlio mbali: mchele ni dawa inayotiwa kwa kinywaji cha mtu ili aibiwe akiwa amezima.

Sisi tulicheka. Kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp shangazi mmoja alituma picha ya sufuria ya pilau. Mwingine akauliza kama fisi ameshiba. Binamu naye akacheka, maana mwanaume atafanya nini? Wiki mbili baadaye tukiwa wawili tu kwa mat, akaniambia kwamba kinachomsumbua si simu. Ni zile saa zilizopotea. Soja wa lile jengo alimwambia alimwona akiingia kwa miguu yake mwenyewe, anaongea, anacheka, amemshika yule dem mkono kama wamejuana miaka. "Si mimi niliyekuwa nacheka, bro," akaniambia. "Lakini mdomo ni wangu."

Sikujua nimjibu nini. Nilichofikiria, na ninajua ni ajabu, ni Titania.

*

Nilikutana na A Midsummer Night's Dream ya Shakespeare mwaka wa pili chuoni, muhula ule ule ambao karo ilikwama nami nikaenda nyumbani "kwa muda". Huo muda haujaisha. Nilichobaki nacho ni nakala ya mitumba niliyonunua kando ya barabara kwa Sh100, yenye madokezo ya penseli ya mtu aliyeisoma kabla yangu, na kumbukumbu ya kipindi kimoja. Tulikuwa tumefika pale malkia wa vibwengo anapoamka na kumpenda mwanaume mwenye kichwa cha punda. Mhadhiri alisoma kwa sauti ya punda na darasa zima likavunjika mbavu, mimi nikiwa wa kwanza. Kisha msichana mmoja wa viti vya nyuma akainua mkono: "Samahani, huyu mama alikubali saa ngapi?" Mhadhiri akasema ni futuhi, tusonge. Tukasonga.

Nimeirudia hiyo tamthilia mara nyingi tangu hapo, na kila mara nakwama kwa lile swali lake. Kwa hivyo makala hii ni jibu lililochelewa.

Kwa ambaye hajaisoma, twende haraka. Iliandikwa karibu mwaka wa 1595 au 1596 na kuchapishwa mara ya kwanza 1600. Tuko Athene. Hermia anampenda Lysander, lakini babake, Egeus, anataka aolewe na Demetrius. Helena, rafiki yake Hermia tangu utotoni, anampenda Demetrius, ambaye zamani alimkatia Helena akamjaza ahadi, kisha akamwacha kwa mataa. Wote wanne wanaishia msituni usiku. Huko msituni mfalme wa vibwengo, Oberon, amekosana na mkewe Titania. Anamtuma mtumishi wake Puck kuleta ua fulani ambalo maji yake, yakidondoshwa kwenye kope za aliyelala, yatamfanya akiamka ampende kiumbe yeyote atakayemwona kwanza. Puck anakosea macho. Vurugu inaanza. Kando yao kuna mafundi sita, jua kali watupu: seremala, mfumaji, fundi cherehani na wenzao, wanaofanyia mazoezi mchezo wa kuigiza wa harusi ya mtawala. Asubuhi inafika, kila mtu anapewa mtu wake, harusi tatu siku moja.

Ndivyo inavyosimuliwa kila mahali: mapenzi ni wazimu mtamu, uchawi unavuruga halafu uchawi unapanga. Mimi nasema hiyo ni hadithi ya Oberon. Ni yule mwenye dawa ndiye anaisimulia.

*

Anza na ukurasa wa kwanza. Theseus, mtawala wa Athene, anamwambia mchumba wake Hippolyta kwamba alimtongoza kwa upanga. Hapo hakuna fumbo. Hippolyta alikuwa malkia wa Waamazoni, wanawake mashujaa wa vita. Alishindwa vitani, sasa anaolewa na aliyemshinda. Kabla hatujamsikia vizuri, Egeus anaingia na mashtaka yake. Anadai haki ya kale ya Athene: binti ni wake, kwa hivyo ampe anayemtaka, au auawe. Theseus anaongeza njia ya tatu: awe mtawa maisha yake yote. Yaani mwanamume, kaburi, au utawa. Hermia anajibu kwa ujasiri kwamba bora utawa kuliko kumpa mwili wake mtu ambaye moyo wake haumtaki. Bado ni msichana, amesimama mbele ya serikali na babake, na anaongea hivyo.

Sasa angalia Egeus anamshtaki Lysander kwa kosa gani. Anasema amemroga binti yake. Kwa mashairi, kwa nyimbo chini ya dirisha, kwa bangili za nywele, kwa pete na peremende. Mzee hawezi kuwaza kwamba binti yake amechagua kwa akili yake. Kama hamtaki ninayemtaka mimi, basi amefanyiwa. Wazee wa aina hiyo tunawajua. Msichana akikataa mchumba aliyeletwa nyumbani, kuna mtu amemwekea kitu. Hapa kwetu Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema ndoa ni muungano wa hiari, lakini sheria iko kwa karatasi na Egeus yuko mezani anakula.

Kwa hivyo neno la kwanza la uchawi katika tamthilia hii linatoka kwa baba, si kwa kibwengo, na linatajwa mahali ambapo hakuna uchawi wowote. Hermia anampenda Lysander bila dawa. Ndilo penzi pekee la vijana hawa ambalo mwanzo hadi mwisho halihitaji ua, na ndilo linaloitwa ulozi. Uchawi wa kweli utakapokuja baadaye, utaitwa amani ya ndoa.

*

Tuje kwa Oberon. Yeye na Titania wanagombania mtoto, kivulana kutoka India. Oberon anamtaka awe mfuasi wake. Titania anakataa, na sababu yake, kwangu mimi, ndiyo hotuba nzuri kuliko zote kitabuni. Mama wa mtoto alikuwa mfuasi wake na rafiki yake. Walikuwa wakikaa pamoja ufukweni usiku, wakitazama merikebu za wafanyabiashara na kucheka jinsi upepo unavyojaza matanga yakavimba kama tumbo la mama mja mzito. Yule rafiki, mwenyewe akiwa mjamzito, alikuwa akimwigiza kwa mwendo wa merikebu, akienda kumletea vitu vidogo vidogo na kurudi. Halafu akafa akijifungua. Kwa ajili yake, Titania anasema, namlea mtoto wake, na kwa ajili yake sitaachana naye.

Hakuna mwanaume yeyote katika hadithi hiyo. Ni wanawake wawili, bahari, vicheko, kifo, na ahadi. Oberon anaisikiliza yote kisha anauliza tena: nipe mtoto. Akinyimwa, anaenda kutafuta dawa.

Na sasa ile mchele. Anamdondoshea machoni akiwa amelala. Anaomba aamke kitu kiovu kikiwa karibu, anataja wanyama wa mwituni mmoja baada ya mwingine. Titania anaamka, anamwona Bottom mfumaji, ambaye Puck amemvisha kichwa cha punda, anampenda papo hapo. Anatembea, anaongea, anacheka, amemshika mkono. Akiwa katika hali hiyo Oberon anamwendea, anamsimanga, anamwomba mtoto, na Titania anamtoa bila ubishi. Oberon akishapata alichotaka ndipo anasema anaanza kumhurumia, amwondolee dawa.

Mtu akitiliwa dawa, akachukuliwa kitu alichokataa kukitoa akiwa na akili timamu, kisha akaamshwa, sisi tuna jina la hiyo. Nairobi haina shida ya kuielewa hii tamthilia. Kuna mwizi, kuna mchele, na kuna mali iliyochukuliwa, ambayo hapa ni ahadi kwa rafiki aliyekufa. Tofauti na binamu yangu ni kwamba Titania anaamka mikononi mwa aliyemwibia, na mtoto hatajwi tena na mdomo wake. Anauliza tu ilikuwaje akajikuta amelala pale na binadamu. Oberon anaita muziki. Wanacheza ngoma.

*

Kuna jambo jingine ambalo sikuligundua hadi nilipolinganisha na hadithi zetu. Hapa Afrika Mashariki, ukisikia hadithi ya limbwata, mara nyingi mtuhumiwa ni mwanamke. Mke ameweka kitu kwa chakula, mume amekuwa zuzu, anaosha vyombo, hasikii ya mamake. Utani wote wa limbwata unasimama kwa wazo kwamba mwanaume anayempenda mkewe sana lazima amefanyiwa. Tunaogopa mkono wa jikoni.

Katika Ndoto, hakuna mwanamke anayeshika dawa hata mara moja. Oberon ndiye anaagiza, yeye na Puck ndio wanapaka, na wao tena ndio wanaondoa. Titania ni malkia mwenye nguvu kiasi kwamba ugomvi wake na mumewe umevuruga misimu, mito imefurika, nafaka inaozea shambani, lakini duka la dawa si lake. Na ukikumbuka kwamba wakati huo huko Uingereza wanawake hawakuruhusiwa kuigiza kwa majukwaa ya umma, kwamba Titania na Hermia na Helena wote walichezwa na wavulana, basi hata miili ya wanawake hao ilikuwa imeazimwa. Shakespeare mwenyewe anafanyia utani jambo hilo. Flute, fundi wa mivukuto, anapopewa kuigiza msichana, analalamika kwamba ndevu zinaanza kumwota.

Mwanamke asiye na dawa anabaki na nini? Helena anabaki na miguu. Anamfuata Demetrius msituni usiku, anaambiwa hatakiwi, anajibu kwamba yuko tayari kuwa kama mbwa wake, apigwe, apuuzwe, mradi aachwe afuate. Darasani tulimcheka sana. Lakini Helena anajua kinachoendelea kuliko sisi tuliocheka. Anasema wazi kwamba wanawake hawaruhusiwi kupigania penzi kama wanaume, wameumbwa watongozwe, si watongoze. Anaijua sheria ya mchezo, anajua anaivunja, na anajua atachekwa.

Na Demetrius anamjibu vipi? Anamkumbusha kwamba yuko mahali pasipo watu, usiku, mikononi mwa mwanaume asiyempenda. Akiendelea kumfuata, atamdhuru humo msituni. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilisoma hayo kama mzaha. Tarehe 27 Januari 2024 nilikuwa katikati ya jiji, pembeni ya maandamano ya wanawake dhidi ya mauaji ya wanawake, nikawasikia wakipiga kelele wakitaka tu waache kuuawa. Nilirudi nyumbani nikafungua Sehemu ya Pili, Onyesho la Kwanza. Mistari ni ile ile. Mzaha haukuwepo.

*

Wanaume wawili wakishapakwa dawa wote wanamgeukia Helena, na hapo ndipo kitabu kinaniuma zaidi. Lysander aliyekuwa tayari kutoroka na Hermia sasa anamsukuma. Na anamtukana kwa rangi. Anamwita Mhabeshi, anamwita Mtatari. Yaani dawa imeondoa mapenzi, na chini ya mapenzi kumbe kulikuwa na hayo yamekaa yakingoja. Ukisoma ukiwa Mwafrika unasimama kidogo. Hermia si Mwafrika, ni msichana wa Athene asiye mweupe vya kutosha usiku huo. Sisi tunaopita mabango ya krimu za kung'arisha ngozi tunajua ulinganisho huo unafanya kazi gani: mrembo mmoja anapandishwa kwa kumshusha mwingine kwenye ngazi ya rangi.

Marafiki wawili wanaanza kugombana. Helena anamkumbusha Hermia walivyokuwa wakikaa mto mmoja, wakidarizi ua moja kwenye kitambaa kimoja, wakiimba wimbo mmoja. Dakika chache baadaye wanatukanana kwa urefu na ufupi, na Hermia anataka kumng'oa macho mwenzake. Watazamaji wanacheka. Mimi nilihesabu: Hippolyta na Waamazoni wake, Titania na rafiki yake wa ufukweni, Hermia na Helena wa kitambaa kimoja. Kila ndoa hapa imejengwa juu ya urafiki wa wanawake uliovunjwa kwanza. Mmoja kwa upanga, mmoja kwa kifo kisha dawa, mmoja kwa dawa tupu.

Mwishoni, Lysander anapakwa dawa ya kuondoa dawa. Anarudi kwa Hermia. Theseus anampuuza Egeus kwa sentensi chache, ile sheria aliyosema hawezi kuilegeza ikalegea ghafla. Lakini Demetrius? Demetrius haondolewi kitu. Soma mara mbili kama huamini. Anamwoa Helena akiwa bado na lile ua machoni. Mwenyewe anasema hajui ni nguvu gani imemfanya, ila penzi lake kwa Hermia limeyeyuka kama theluji.

Hapa ndipo kesi yangu inakuwa ngumu, na sitaki kujifanya ni rahisi. Moyo wangu unataka Helena apate mtu wake. Alidanganywa kwanza, alistahili. Lakini anachopata ni mwanaume aliyezimwa. Kama nimesema Titania alitendewa vibaya, lazima niseme Demetrius naye, hata kama ni mjinga, hata kama alitisha mwanamke msituni. Na lazima niseme binamu yangu naye, ambaye ni fisi kweli. Kuwa fisi si kibali cha kuwekewa mchele.

*

Waongozaji wameona haya matatizo kabla yangu. Mwaka wa 1970 Peter Brook aliwapa waigizaji wale wale nafasi za Theseus na Oberon, na za Hippolyta na Titania, ili tuone kwamba mwenye upanga na mwenye ua ni mtu mmoja. Kwenye ukumbi wa Globe, London, 2016, Emma Rice alimfanya Helena kuwa mwanaume, Helenus, na ghafla hofu ya Demetrius ya kumkubali ikapata sababu nyingine. Mwaka wa 2019, Nicholas Hytner alibadilisha mistari: Titania ndiye anamtilia Oberon dawa, na Oberon ndiye anampenda fundi mwenye kichwa cha punda. Wazo la Hytner lina raha yake, lakini nadhani linakwepa. Ukimpa mwanamke ile chupa, umebadilisha mwizi. Mchele bado ni mchele.

Ningekuwa na pesa na jukwaa hapa Nairobi kwa usiku mmoja, nisingebadilisha neno. Ningemtazama tu Bottom. Kati ya wanaume wote wa msitu huo, yeye peke yake hampi mtu amri ya mapenzi. Malkia anamwambia anampenda, yeye anajibu kwamba haoni sababu, maana siku hizi akili na mapenzi hawatembei pamoja. Anawauliza vibwengo wadogo majina yao mmoja mmoja, kwa heshima, kisha anaomba akunwe kichwa na aletewe majani makavu. Fundi wa jua kali amewekwa kitandani mwa malkia na anataka kulala. Akiamka anajua kuna kitu kimempata, anajaribu kukieleza, maneno yanamkataa. Anasema atamwomba rafiki yake amtungie wimbo. Hiyo ndiyo njia yake ya kubeba zile saa zilizopotea.

Kisha ningemtazama Hippolyta. Vijana wameeleza yaliyowapata usiku. Theseus anasema haamini, wapenzi na wendawazimu na washairi ni kitu kimoja, wote wanaona visivyokuwepo. Hippolyta anamjibu mumewe, kwa upole, kwamba hadithi zao zote zinafanana, akili zao zote zimebadilika kwa pamoja, na hilo ni zaidi ya ndoto. Mwanamke aliyeletwa kwa upanga ndiye pekee katika jumba hilo anayewaamini waliofanyiwa kitu wasichokikubali. Hashindi mjadala, maana Theseus anageuza mazungumzo. Lakini limesemwa.

Na ningewapa watazamaji muda wa kuwatazama Hermia na Helena. Wameketi pale Sehemu ya Tano nzima, wameolewa, wakati wanaume wao wanawakejeli mafundi. Yule Hermia aliyeibishia serikali. Yule Helena aliyeongea bila kukoma. Hawana mstari hata mmoja. Nilipogundua hilo nilirudi nyuma nikidhani nimeruka ukurasa.

Juzi nilimsimulia binamu hii hadithi yote kwa kibanda cha chai. Alicheka sana pale kwa punda. Halafu akanyamaza, akauliza, "Na yule malkia, akiamka, kuna mtu alimuuliza yuko sawa?"

Nikamwambia hapana. Nikalipa chai, kisha nikamuuliza.